Hodi ya Koili: Kisimamio cha Kuchajia Kishikwambi Bila Waya

Hotuba iliyotolewa mbele ya mafundi, walimu na wanafunzi, Ngamiani, Tanga

Wazee, shikamooni. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na ninyi wanafunzi mliojibana kule nyuma, mambo?

Mwenyekiti amenitambulisha kama mtaalamu. Mie fundi simu. Nina meza yangu barabara ya kumi na mbili, yenye kioo cha kukuzia, pasi ya kuchomelea na mwavuli wa jua, na utaalamu wangu wote unaishia kwenye upana wa meza hiyo. Nilipoombwa nije nikieleze hiki kisimamio, nilijibu kwamba mwenye haki ya kukisemea ni mama yangu, maana ndiye anayekitumia, na ndiye aliyekikataa mara mbili kabla hajakikubali. Mama akasema asubuhi ana wateja. Basi nimekuja mimi.

Nianze na tundu. Kazi inayonilisha kuliko zote pale mezani si vioo vilivyopasuka wala betri zilizochoka. Ni tundu la chaji. Mle ndani mna ulimi mdogo wenye pini, na ulimi huo kila siku unachomekwa waya na kuchomolewa, mara nyingine gizani, mara nyingine na mtoto anayelazimisha upande usio wake. Hapa kwetu liko na lingine: upepo wa bahari. Nileteeni simu ya mtu wa Raskazone, kule ufukweni, na ya mtu wa Pongwe, huku bara, zote zimenunuliwa siku moja, nitawatajia ipi ya nani bila kuuliza. Ya Raskazone pini zina ukungu wa kijani.

Kishikwambi kinaumia kuliko simu kwa sababu ni kizito, na watu hawakiachi kikachaji kwa amani. Mtu anakilaza kifuani, waya umevutwa kutoka ukutani, anatazama mpira. Kila akigeuka, uzito wote unaning'inia kwenye ile pini. Walimu mliopewa vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya mwaka 2022 mnanielewa, naona mnatazamana. Neno lenyewe, kishikwambi, wengi wetu tulilizoea kipindi kile cha makarani wa sensa. Kabla ya hapo tulisema tableti. Mama yangu hadi leo anasema kibao.

Mama anapika vitumbua Chumbageni. Usiku anasaga mchele na kuuumua, alfajiri yuko jikoni na tui lake, iliki yake na chuma cha vitumbua chenye macho saba. Kibao chake cha inchi 7 kinakaa rafuni juu ya ndoo ya unga, kwa sababu saa hiyo hiyo ya alfajiri ndipo wajukuu zake wa Muscat wanapompigia simu ya video kabla hawajaenda shule. Simu inaita, mama anakidaka kwa vidole vyenye uji wa mchele. Uji unaingia tunduni. Nani kati yenu amewahi kukwangua uji wa mchele uliokauka? Ni saruji. Nimelibadilisha lile tundu mara tatu, na mara ya tatu bodi ilikuwa imechoka kiasi kwamba njia moja ya shaba iling'oka pamoja na risasi ya kuchomelea. Jirani akamwuliza mama, "Si mwanao fundi?" Mama akajibu, "Mganga hajigangi, atamganga mamaye?"

Siku hiyo ndiyo nilikata shauri: waya hautaingia tena humo.

Sasa wanafunzi, sogeeni. Hapa mezani nina pedi ya kuchajia bila waya, zile za duara kama kifuniko cha kopo, imeunganishwa na kichwa cha chaji cha kawaida. Juu yake naweka kitu nilichokitengeneza jana kwa dakika tano: waya wa shaba wenye vanishi, niliouchomoa kwenye transfoma ya redio iliyokufa, nimeuzungusha mara kumi na tano kwenye kopo dogo lenye upana wa sentimita 5 hivi, ncha zake mbili nimezikwangua kwa wembe mpaka shaba ikang'aa, nikazifunga kwenye taa moja ya LED. Hakuna betri. Tazameni. Inapepesa. Pa. Inazima. Pa. Inazima. Mlio nyuma simameni, ni taa ndogo lakini inaonekana. Nitaiacha hapo ipepese, tutairudia.

Chanzo cha jambo hili ni cha mwaka 1831. Kule London alikuwapo Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, aliyejisomea vitabu akiwa kijana wa kazi kwenye duka la kujalidi vitabu. Alichukua pete ya chuma, upande mmoja akaizungushia waya, upande wa pili akaizungushia waya mwingine, nyaya hizo mbili zisigusane. Wa kwanza akauunganisha na betri, wa pili na kifaa chenye sindano ya kuonyesha umeme. Alitazamia kwamba betri ikiwa imeunganishwa, sindano itainama na kubaki imeinama. Haikubaki. Ilistuka pale tu alipounganisha, ikarudi mahali pake, ikastuka tena alipokata, safari hii kwa upande mwingine.

Kwa nini? Mtu wa pwani hahitaji kitabu kulielewa hili. Ngalawa iliyoegeshwa haisukumwi na maji yaliyotulia, hata yawe mengi namna gani. Inasukumwa yanapokuja na yanapotoka. Sumaku nayo ni vivyo hivyo: ikikaa kimya karibu na koili, yaani waya uliozungushwa kama huu wangu, haileti kitu, ikijaa na kupwa ndipo umeme unapoamka kwenye ule waya wa pili. Umeme wetu wa ukutani unajaa na kupwa mizunguko 50 kwa sekunde. Pedi hii inaupokea ukiwa umeshatulizwa na kichwa cha chaji, volti 5 zimesimama tuli, kisha inaukatakata upya na kuufanya ujae na kupwa mizunguko kati ya laki moja na laki mbili kwa sekunde. Kasi hiyo ndiyo inayowezesha koili nyembamba kama chapati kupitisha nguvu ya kujaza betri. Kwa mizunguko 50 tungehitaji chuma kizito kama cha transfoma ya redio, na hakuna anayetaka kushikiza tofali nyuma ya kibao.

Turudi kwenye taa. Kwa nini inapepesa badala ya kuwaka moja kwa moja? Hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote nilipoanza kuchezea hizi pedi. Pedi haimwagi umeme ovyo. Inapiga hodi. Inatoa nguvu kidogo kwa nukta ya sekunde, inanyamaza, inasikiliza. Asiyeitika karibu, haingii kwake. Koili yangu hii haina akili, inawasha taa tu na kukaa kimya, basi pedi inapiga hodi, inarudi, inapiga hodi tena. Mngekuwa na subira ingepiga hodi mpaka jioni.

Kifaa kinachoelewa lugha hiyo kinajibu. Na namna kinavyojibu inapendeza sana. Hakina redio ya kutangazia. Kinachofanya ni kujifanya kizito, kisha chepesi, kizito, chepesi, yaani kinabadili kiasi cha umeme kinachovuta, na pedi inauhisi mvuto huo kwenye koili yake yenyewe, kama mvuvi wa mshipi anavyojua kwa kidole kwamba huko chini samaki anadonoa. Kwa kudonoa huko kinasema: mimi fulani, nahitaji kiasi hiki, ongeza, punguza, basi, nimeshiba. Mazungumzo yanakwenda kwa biti 2,000 kwa sekunde, ambao ni mwendo wa kobe ukilinganisha na intaneti, lakini kwa habari za "ongeza" na "punguza" yanatosha.

Lugha hiyo inaitwa Qi, hutamkwa "chi", neno la Kichina la nguvu ya uhai. Umoja wa makampuni unaoisimamia, Wireless Power Consortium, ulianzishwa mwaka 2008. Faida yake kwa fundi wa Ngamiani ni kwamba pedi yoyote ya Qi inaelewana na kipokezi chochote cha Qi, yaani ile koili ya upande wa kifaa inayoupokea umeme, sihitaji kutafuta ndugu wa damu. Viko vishikwambi vichache vilivyotoka kiwandani na kipokezi tumboni. Nexus 7 ya mwaka 2013 ilikuwa nacho. Ile iliyoitangulia, ya mwaka 2012, haikuwa nacho ingawa jina ni moja. Ukikiona kimoja kikuukuu kinauzwa, mwulize muuzaji ni cha mwaka gani. Vingi vilivyomo mikononi mwetu havina, na hapo ndipo kipokezi cha kubandika kinapoingia.

Ni hiki. Kipitisheni mkono kwa mkono, msikikunje. Ni chembamba kama kadi, koili imelala ndani ya plastiki, na kina mkia bapa wenye kichwa cha kuingia tunduni. Upande mmoja una karatasi nyeusi ngumu. Ile ni feraiti, kazi yake ni kuikinga sumaku isipenye kwenda kwenye betri na bodi, na huo ndio upande unaoelekea kibao. Ukibandika kinyume, pedi itapiga hodi kwenye ukuta. Matundu ya zamani, yale yenye upande mpana na upande mwembamba, yana vipokezi vya aina mbili kufuatana na tundu linavyotazama. Nunua ukiwa umekishika kishikwambi chako mkononi, usiende kwa kukumbuka. Mimi nilikwenda kwa kukumbuka.

Kama mgongo wa kishikwambi ni wa chuma au alumini, kipokezi kikae nje ya huo mgongo, kamwe kisiwe ndani. Sumaku inayojaa na kupwa ikikutana na bati inazaa umeme wa kuzunguka ndani ya bati lenyewe, na kazi ya huo umeme ni moja tu, joto. Kwa sababu hiyo hiyo msiache sarafu au ufunguo juu ya pedi. Pedi nzuri inagundua na kujizima. Pedi ya bei ya chee haigundui.

Kibao cha mama tundu lilikuwa limelegea, lakini lilikuwa hai. Nililisafisha kwa spiriti na mswaki laini, nikachomeka kile kichwa bapa, nikaweka tone la gundi pembeni, nikamwambia: hiki hakichomolewi tena mpaka Mungu apende. Hiyo ndiyo dawa yenyewe. Kinachoua tundu ni kuingia na kutoka, basi mwache mgeni mmoja aingie mara moja akae. Kama tundu limekufa kabisa, kipokezi cha kuchomeka hakisaidii kitu. Inabidi fundi akate kile kichwa na kuchomelea nyaya mbili, chanya ya volti 5 na hasi, kwenye bodi. Mafundi wenzangu mnajua pa kuzitafuta kwa multimita. Mkimaliza pakeni rangi ya kucha juu ya risasi, hewa ya hapa haina huruma na shaba iliyo wazi. Na mwenye kifaa aambiwe asije akachomeka waya tunduni wakati kimelala kwenye pedi.

Sasa kisimamio. Wengi wanadhani hapa kazi ya umeme imekwisha, kilichobaki ni mbao. Mie nasema kazi ndiyo inaanza. Koili mbili lazima zitazamane jicho kwa jicho. Zikipishana sentimita moja, chaji inapungua na joto linapanda. Zikipishana mbili, hodi haisikiki. Pedi ikiwa mezani, mtu analaza simu, inakosa, anaisogeza, inapata. Kishikwambi ni kipana, koili yake ni kama kitumbua kilichofichwa chini ya sinia, huioni. Kazi ya kisimamio ni kumnyima mtumiaji nafasi ya kukosea.

Namna ya kuitafuta ile sehemu ni hii. Bandika pedi kwenye ubao kwa gundi ya karatasi isitembee. Laza kishikwambi juu yake, kiwe mbali upande wa kushoto, kisha kisogeze kuelekea kulia kwa upana wa punje ya mchele, subiri sekunde tatu. Sogeza tena, subiri. Usiwe na haraka. Pedi inahitaji muda wa kupiga hodi na kusikia jibu. Kikianza kuchaji, piga mstari wa penseli ubaoni kwenye ukingo wake. Endelea mpaka kiache kuchaji, piga mstari wa pili. Katikati ya mistari hiyo miwili ndipo mahali. Fanya hivyo hivyo kwa juu na chini. Kwa kibao cha mama nilipata uwazi wa kama sentimita moja na nusu kila upande, na kitovu chake kikawa sentimita 6 kutoka ukingo wenye tundu, kwa sababu mkia wa kipokezi ni mfupi, haukubali kufika katikati ya mgongo. Andika vipimo hivyo ukutani. Seremala hataki maelezo, anataka vipimo.

Mbao nilipata vipande vya mtiki kutoka Muheza, masalio ya meza ya mtu. Kule kuna shamba la mitiki la Longuza, na masalio yake yanazagaa kwenye karakana nyingi za huku. Mtiki hauli maji, na jikoni kwa mama ni mvuke mtupu. Una dosari moja, una mafuta ya asili, gundi inauteleza; futa kwa spiriti pale unapotaka kugandisha, gandisha hapo hapo.

Cha kwanza nilikitengeneza kwa majivuno. Nilitaka pedi isionekane. Nikachimba kwa patasi nyuma ya ubao shimo la duara, nikaacha mbele unene wa milimita 6, ubao mzuri, mishipa yake inaonekana. Nikapaka vanishi. Nikaweka kibao. Kimya. Nikachimba zaidi, nikafika milimita 3 hivi: kikachaji, kikaacha, kikachaji, kikaacha, na mgongo ukawa wa moto kama sufuria ya chai. Nikachimba tena, ubao ukapasuka katikati ya mishipa ile ile niliyoisifu. Nilikuwa nimesahau kwamba kibao chenyewe kina mfuko wa mpira, na unene wa mfuko unahesabiwa. Nafasi yote kati ya koili na koili ni milimita chache, ukishaila kwa mfuko hubakiwi na ya mbao.

Juu ya hayo nilikuwa nimekaza misumari miwili ya skrubu mbele, karibu na pedi. Taa ya pedi ikawa inawaka nyekundu, naitukana pedi, kumbe ni skrubu. Chuma kisikae karibu na koili, wacha skrubu ziishie chini kwenye kitako. Pedi yenyewe ishikizwe kwa kabari za mti au silikoni.

Cha pili nilikata tundu la duara moja kwa moja, uso wa pedi ukalingana na uso wa ubao. Kilichaji vizuri mno. Nikampelekea mama. Akakitazama, akasema, "Mbona kimesimama kama mlinzi?" Nilikuwa nimekisimamisha wima, na yeye wajukuu zake watatu hawaenei kwenye kioo kilichosimama, anamwona wa katikati na masikio ya wengine. Kilale, akasema. Nikarudi na mbao zangu.

Cha tatu ndicho hiki hapa mbele yenu. Kibao kinakaa kimelala kwa ubavu wake mrefu. Kipo kwenye mwinamo wa kama nyuzi 65, si wima, si chali, kiasi kwamba uzito wake wenyewe unakigandamiza kwenye pedi. Chini kuna ukingo wa sentimita moja na nusu wa kukizuia kisiteleze. Kushoto kuna kizuizi, na katika kizuizi nimekata pengo dogo ambamo kile kichwa bapa cha kipokezi kinaingia bila kubanwa. Kibao kikigusa ukingo wa chini na kizuizi cha kushoto, koili zimeshatazamana. Mama anakitupa pale bila kuangalia, mkono mwingine uko kwenye kikaango. Nyuma ya pedi nimeacha wazi hewa ipite, na kitako nimekirefusha nyuma kisipinduke, ndani yake nikajaza kokoto za ufukweni. Ziko kimya na haziishiki sumaku.

Uso wa pedi ulikuwa unateleza, mama akataka ufunikwe kwa kitambaa. Akanipa kipande cha kanga iliyochakaa. Nilipokata duara, mkasi ukapita kwenye jina la kanga, yote yakakatika likabaki neno moja katikati ya pedi: SUBIRA.

Na subira ndiyo inayohitajika kweli, siwafichi. Kipokezi cha kawaida kinatoa wati 5, na hapo mambo yakiwa mazuri. Betri ya inchi 7, chukua mfano wa ile Nexus ya mwaka 2013, ni milliampea-saa 3,950, ambazo kwa volti zake ni kama watisaa 15. Ikilala kioo kimezimwa, hesabu saa nne. Kishikwambi cha inchi 10 kina betri kama mara mbili ya hiyo, basi ni usiku kucha. Na ukikitumia huku kinachaji, kioo kikiwa angavu na video inakwenda, kinachoingia na kinachotoka vinakaribiana, utakaa saa nzima asilimia imepanda mbili. Atakayewaambia bila waya ni haraka kama waya anauza kitu.

Kuna upotevu pia. Kujaza hizo watisaa 15 bila waya unaweza kutumia 25 kutoka ukutani, kwa waya kama 20. Kwenye LUKU hilo si la kulilia, yuniti moja ni watisaa 1,000, itakujazia mara arobaini badala ya hamsini. Lakini kwa ndugu zetu wa sola ndogo kule mashambani, mwenye paneli ya kuwashia taa mbili na redio, mimi simshauri. Atumie waya, na awe mpole na tundu. Umeme wenyewe wa huku mjini mnaujua, ni kama mgeni wa Tanga, waja leo waondoka leo; ukirudi usiku wa manane pedi inapiga hodi yenyewe, kibao kinaitika, mama amelala. Hilo la kutohitaji mtu wa kuamka ndilo lililomfanya aanze kukisifu kwa majirani.

Mambo mawili ya kuangalia, kisha nawaachia. Kichwa cha chaji kiwe na nguvu ya kweli, volti 5 ampea 2, si kilichoandikwa 2 kikatoa nusu. Pedi zilizoandikwa wati 10 au 15 nyingi zinataka kichwa kinachopanda hadi volti 9. Ukizilisha kichwa cha simu ya batani, zitawaka taa na kukuangusha katikati. Mita ndogo ya USB ya kuchomeka kati ya kichwa na waya itakuonyesha ukweli. La pili ni joto. Betri hizi za lithiamu hazipaswi kuchajiwa zikipita nyuzi 45, na bila waya zinapata joto zaidi. Usikiweke kisimamio dirishani penye jua la saa nane wala karibu na jiko. Rafu ya mama tuliihamisha. Na betri iliyovimba, kifuniko kimeanza kuinuka, usiibandikie kitu mgongoni. Ilete kwa fundi siku hiyo hiyo.

Jana kijana mmoja aliniuliza: kama umeme unaruka bila waya, kwa nini usiruke kutoka nguzoni hadi nyumbani? Nikola Tesla aliwaza hivyo. Mwaka 1901 alianza kujenga mnara mkubwa kule Long Island, Marekani, pesa zikamwishia, na mwaka 1917 ukabomolewa. Kazi ya koili kwa koili inakufa haraka mno ukiongeza nafasi kati yake. Wakubwa wa Qi wenyewe, toleo lao la mwaka 2023, Qi2, hawakurefusha umbali. Wameongeza pete ya sumaku ili kifaa kijivute mpaka jicho litazame jicho. Mimi pete hiyo sina, nina kizuizi cha mtiki.

Mwalimu wa fizikia, nakuona. Juzi uliniletea kishikwambi chako, tundu limekufa robo tatu, na jana usiku nimekibandikia kipokezi. Njoo nacho mbele. Vipimo vyake ni tofauti na vya mama, kwa hiyo kizuizi nimekisogeza, hatujakijaribu. Ile taa bado inapepesa pale, mnaiona? Naiondoa. Pedi naivalisha kisimamioni. Mwalimu, kiweke wewe mwenyewe. Kilaze, mgongo huku. Shusha mpaka kiguse ukingo. Sasa kisukume kushoto taratibu, kidogo tena, sekunde tatu.

Hapo. Usikiguse.